Faili lipi halipo? Kwa nini ujumbe wa kosa hutaja namba na kuacha jina

Programu ikishindwa kufungua faili, maneno yanayotokea kwenye skrini mara nyingi ni haya:

    No such file or directory

Maana yake ni kwamba hakuna faili wala folda yenye jina lililoombwa. Maneno hayo ni ya kweli, na mara nyingi huambatana na namba 2. Kinachokosekana ni jina lenyewe. Anayesoma anaambiwa kuna kitu hakipo, lakini haambiwi ni kitu gani, kilitafutwa wapi, wala kilitakiwa kwa kazi gani.

Mimi niko Moshi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni programu za ofisi ndogo: shule, maduka ya jumla, vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa. Programu ya malipo ya chama cha msingi huonekana ndogo mpaka uanze kuhesabu mafaili yake. Lipo faili la mipangilio. Ipo orodha ya wanachama, jedwali la bei ya kilo ya kahawa ya maganda, jedwali la makato ya pembejeo, kiolezo cha stakabadhi, picha ya nembo ya chama, folda ya stakabadhi za kila siku, na folda nyingine ya nakala za akiba. Likikosekana moja tu, kazi yote inasimama. Siku moja ya malipo, karani wa chama kimoja huko juu migombani alinipigia simu.

"Kaka, habari za kazi? Mashine inasema hakuna faili."

"Salama dada. Faili lipi?"

"Haijasema. Imeandika hivyo tu, na namba 2. Na wazee wameshajaa hapa nje."

Hapo hakuna njia ya mkato. Mnabaki kupapasa faili moja baada ya jingine kwa simu, yeye akifungua folda na kukusomea majina, wewe ukijaribu kukumbuka msimbo ulioandika msimu uliopita. Jambo linaloniuma ni kwamba jina la faili lilikuwepo. Programu ilikuwa nalo mkononi ilipoomba faili lifunguliwe, na ilikuwa bado nalo jibu liliporudi. Lilidondoshwa njiani, katika hatua moja ndogo kati ya mfumo wa uendeshaji na mtu anayesoma. Nataka tuiangalie hatua hiyo kwa karibu, kwa sababu naamini ni kazi ya lugha ya programu kulishika jina hilo, na si sawa kumwachia kila mwandishi wa programu akumbuke mwenyewe.

Namba inakotoka

Programu haigusi diski moja kwa moja. Huiomba kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, imfungulie faili, na kerneli hujibu. Kwenye Linux, macOS na mifumo mingine ya ukoo wa Unix, jibu la kushindwa ni namba tu. Namba 2 ni kwamba kitu hakipo. Namba 13 ni kunyimwa ruhusa. Namba 17 ni kwamba faili unalotaka kuliumba lipo tayari. Namba 20 ni kwamba mahali palipotakiwa folda pamekutwa faili, na 21 ni kinyume chake. Namba 28 ni nafasi kuisha.

Utaratibu huu una umri mkubwa. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na toleo la kwanza la mwongozo wake lilitolewa Novemba 1971. Mashine ya kwanza ya PDP-11 waliyoitumia ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24. Leo picha moja ya WhatsApp huizidi hiyo kwa mbali. Katika mashine kama ile, kujibu kwa namba moja kulikuwa uamuzi wa busara: namba haichukui nafasi, haihitaji kufutwa baadaye, na anayeuliza anajua mwenyewe aliuliza nini. Ndipo lugha ya C ikaweka namba hiyo katika kigezo kinachoitwa errno, na maktaba yake ikatoa funksheni ya kugeuza namba kuwa sentensi. Sentensi za Kiingereza tunazoziona mpaka leo hutoka hapo.

Tatizo limo katika maneno "anayeuliza anajua mwenyewe aliuliza nini". Yalikuwa kweli aliyeuliza alipokuwa mstari mmoja wa msimbo, na mstari unaofuata ukachapisha jibu. Programu za siku hizi zina tabaka juu ya tabaka. Mstari uliofungua faili umo ndani ya maktaba ya kusoma jedwali, maktaba hiyo imeitwa na sehemu ya kukokotoa malipo, nayo imeitwa na kitufe alichobonyeza karani. Namba 2 inapanda ngazi hizo zote ikiwa peke yake. Ni kama posta kukurudishia karatasi iliyopigwa muhuri wa "S.L.P. haipo" bila bahasha uliyotuma, nawe wiki hiyo ulituma barua kwa watu wengi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu: kerneli yenyewe huijua hitilafu kwa undani kuliko inavyosema. Ukiiomba /srv/chama/malipo/bei.csv, huanzia kwenye mzizi, yaani folda ya juu kabisa, ikaingia srv, ikatafuta chama ndani yake, kisha malipo, kisha bei.csv. Kama folda ya malipo haipo, safari inaishia hapo. Wakati huo kerneli inajua kwa hakika kwamba tatizo ni folda, na kwamba faili la bei halijafikiwa hata kutafutwa. Lakini jibu linalorudi ni lile lile, 2. Windows angalau hutenga mambo haya mawili: namba 2 kwa faili lisiloonekana, namba 3 kwa njia isiyoonekana. Kwa hiyo inawezekana kabisa mfumo kusema zaidi.

Lugha mbalimbali hufanya nini na namba hiyo

Go hulishika jina tangu mwanzo. Ukifungua faili lisilokuwepo, kosa unalopewa si namba, ni kifurushi chenye vitu vitatu: kitendo, njia ya faili, na sababu. Kikichapishwa husomeka hivi:

    open bei.csv: no such file or directory

Dada yule angesoma mstari huo kwenye simu, kazi ingekuwa imekwisha. Go huenda hatua moja zaidi ambayo naipenda sana: faili lililofunguliwa hutunza jina lake, hivyo hata kosa likitokea baadaye, katikati ya kusoma au kuandika, jina bado lipo. Na kwa kitendo chenye majina mawili, kama kubadilisha jina la faili, hutaja yote mawili.

Python nayo hutaja jina. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 namba za mfumo zimegawiwa aina zenye majina, kama FileNotFoundError na PermissionError, kwa hiyo huna haja ya kukariri kwamba 13 ni ruhusa. Ujumbe wake huonyesha namba, sentensi, kisha njia ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Ila Python ina pengo. Faili likishafunguliwa, na diski ikajaa wakati wa kuandika, utapata namba 28 na sentensi ya nafasi kuisha, bila jina la faili. Programu inayoandika stakabadhi kwenye diski ya kompyuta na nakala za akiba kwenye flashi haitakuambia ni kipi kati ya hivyo viwili kimejaa.

Node.js huweka jina la kosa, sentensi, kitendo na njia katika mstari mmoja, na ukitaka kila kimoja peke yake unakipata. PHP, inayoendesha tovuti nyingi, huandika jina la funksheni na njia kabla ya sentensi. Java ilikuwa na tabia mbaya zamani: kosa lake lililoitwa FileNotFoundException lilitolewa hata pale faili lilipokuwepo lakini ruhusa hakuna, na ungehitaji kusoma maneno ya mwishoni kugundua hivyo. Toleo la 7 la mwaka 2011 lilileta njia mpya yenye aina tofauti za makosa kwa sababu tofauti. C# hutaja njia nzima kutoka mwanzo, na hutofautisha faili lisiloonekana na sehemu ya njia isiyoonekana.

Kisha kuna Rust. Lugha hii inasifiwa, na kwa haki, kwa jinsi inavyoeleza makosa ya msimbo: hukuonyesha mstari, hukupigia mshale penye tatizo, mara nyingi hukupa na pendekezo la kurekebisha. Lakini maktaba yake ya msingi ikishindwa kufungua faili, inarudisha sentensi na namba 2 bila jina. Programu ya chama niliyoitaja juu inatumia Rust. Lugha inayomjali hivyo mwandishi wa programu inastahili kumjali vivyo hivyo anayeitumia programu.

Kwa nini Rust huliacha jina

Sababu zake si za kipuuzi, na ni vizuri kuzielewa kabla ya kulaumu.

Ya kwanza ni ukubwa. Kosa la kawaida la Rust kwenye kompyuta ya biti 64 ni baiti 8. Likiwa dogo hivyo, linapita haraka kutoka funksheni moja hadi nyingine, na likiwa la namba tu halihitaji kuombewa nafasi mpya ya kumbukumbu. Njia ya faili kwenye Linux inaweza kufika baiti 4096. Ili kuitunza, lazima uombe kumbukumbu, unakili herufi, na baadaye uirudishe.

Ya pili ni kwamba kushindwa si kosa kila mara. Programu nyingi hutafuta faili la mipangilio katika folda kadhaa mfululizo, na zinategemea kwamba nyingi kati ya hizo hazitakuwa nalo. Kwa programu hizo, "halipo" ni jibu la kawaida kama "ndiyo" na "hapana". Kunakili njia kila mara ili kutengeneza ujumbe ambao hakuna atakayeusoma ni kazi bure, na Rust ilijengwa juu ya ahadi ya kutomtoza mtu gharama asiyoihitaji.

Ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: lugha ikishatoka, watu hujenga juu yake. Toleo la 1.0 la Rust lilitoka Mei 2015, na ahadi ilikuwa kwamba msimbo ulioandikwa siku hizo utaendelea kufanya kazi. Kubadilisha umbo la kosa baada ya miaka yote hiyo ni kugusa jiwe la msingi wakati nyumba ina watu.

Hoja ya kwanza hainishawishi sana. Kufungua faili kwenyewe ni safari ya kwenda kwenye kerneli na kurudi, na pengine mpaka kwenye diski. Gharama ya kunakili njia yenye herufi sitini pembeni ya safari hiyo ni ndogo, tena inalipwa pale tu faili linaposhindwa kufunguka. Hoja ya pili ina uzito zaidi, lakini jibu lake ni kutoa mlango wa pembeni kwa wale wachache wanaotafuta maelfu ya mafaili kwa sekunde, na kuwapa wengine wote ujumbe kamili bila kuuomba. Kwa sasa mambo yako kinyume: wengi wanaoandika programu za kawaida ndio wanaotakiwa kuongeza jina kwa mkono, kila mahali, bila kusahau hata mahali pamoja.

Na watu husahau. Ndiyo sababu watumiaji wa Rust walitengeneza maktaba ya nje iitwayo fs-err, yenye funksheni zile zile za maktaba ya msingi kwa majina yale yale, ila kosa lake hutaja kitendo na njia. Faili lililofunguliwa kupitia kwake hutunza jina lake, kama lile la Go. Mara nyingi unabadilisha mstari mmoja juu ya msimbo na programu nzima inaanza kutaja majina. Kwa yeyote anayeandika Rust leo, hapa Moshi au kwingineko, naishauri bila kusita.

Namba moja, sababu nyingi

Kutaja jina hutatua sehemu kubwa ya tatizo, lakini si lote. Yapo makosa ambayo hata ukiwa na jina bado utajiuliza, kwa sababu namba ile ile hubeba visa tofauti.

Tuanze na kuumba faili jipya. Programu inaandika stakabadhi za leo kwenye risiti/2025-11-03/0147.pdf na kujibiwa kwamba faili halipo. Karani anauliza swali la haki kabisa: si ndiyo maana tunalitengeneza? Kinachokosekana ni folda ya tarehe hiyo, ambayo hakuna aliyeiumba. Ujumbe unaotaja faili la mwisho unampeleka mtu kutazama pasipo na tatizo. Hapa lugha ingeweza kusaidia sana: baada ya kushindwa, irudi nyuma kwenye njia, folda moja baada ya nyingine, mpaka ifike iliyopo, kisha iseme "folda risiti ipo, ila ndani yake hakuna 2025-11-03". Inagharimu maulizo machache kwa kerneli, na ni baada ya kushindwa tu. Tahadhari moja: kati ya kushindwa na kuuliza tena, hali inaweza kuwa imebadilika, kwa mfano programu nyingine ikaiumba folda hiyo. Kwa hiyo maelezo ya ziada yaandikwe kama yalivyokutwa baadaye, na sababu halisi ibaki ile iliyotolewa na kerneli.

Kisa cha pili huwachosha sana vijana wanaoanza kazi, hasa wanaoandika kwenye Windows na kupeleka kwenye seva ya Linux. Una skripti ya Python inayoitwa malipo.py. Unaiona kwenye folda, ruhusa ya kuiendesha ipo, unaiita moja kwa moja, na unajibiwa kwamba faili halipo. Unaorodhesha tena, lipo. Ukweli ni kwamba kisichokuwepo si malipo.py. Mstari wa kwanza wa skripti hutaja programu ya kuisoma skripti hiyo, na Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana pale ambapo Linux huweka moja. Alama ya ziada inashikamana na jina, na kerneli inatafuta programu yenye jina lililoishia na herufi isiyoonekana. Haipati, inarudisha 2, na mara nyingi ujumbe unaitaja tu skripti uliyoiita. Jina lililotajwa lipo, na jina lisilokuwepo halikutajwa.

Somo la kiufundi ni kwamba njia iandikwe ndani ya alama za kunukuu, na herufi zisizoonekana zionyeshwe kwa alama zake. Nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina, au alama ya mstari mpya iliyosomwa pamoja na jina kutoka kwenye orodha, haionekani kabisa usiponukuu. 'bei.csv ' na 'bei.csv' ni mafaili mawili tofauti, na jicho hulikamata hilo pale tu alama za kunukuu zinapokuwepo. Vivyo hivyo kwa herufi kubwa: Bei.csv na bei.csv kwa kawaida ni faili moja kwenye Windows, na ni mawili kwenye Linux.

Njia fupi nayo ina mtego wake. Ukiandika bei.csv peke yake, kompyuta hutafuta katika folda ambamo programu inaendeshwa wakati huo, na folda hiyo hubadilika. Programu iliyofanya kazi vizuri mchana ulipoiendesha kwa mkono hushindwa usiku inapoamshwa na cron, yaani programu inayoendesha kazi kwa ratiba, kwa sababu cron huanzia kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji. Ujumbe mzuri ungetaja njia iliyoandikwa na folda iliyotafutwa, yote mawili. Naona C# imepatia hapa kuliko Go na Python.

Ruhusa, namba 13, ina fumbo lake. Mtu anatazama faili, anaona kila mtu ameruhusiwa kulisoma, na bado ananyimwa. Mara nyingi kizuizi kiko kwenye folda mojawapo ya juu, ambayo mtumiaji wa seva haruhusiwi kuipita.

Na namba 28, nafasi kuisha, hutolewa hata diski ikiwa na gigabaiti tele. Baadhi ya mifumo ya mafaili ya Linux ina idadi maalumu ya nafasi za kuandikishia mafaili, na mamilioni ya mafaili madogo huzimaliza kabla ya diski kujaa. Amri df -i itakuonyesha. Ajabu zaidi, Linux hutumia namba hiyo hiyo 28 programu inapozidisha idadi ya mafaili inayoruhusiwa kuyafuatilia mabadiliko yake, jambo lisilohusiana na diski hata kidogo. Mwanafunzi anayejenga tovuti anaambiwa diski imejaa, anafuta picha zake, na kosa liko pale pale.

Mfano wa mwisho hutokea ofisini kila siku. Programu inaandika ripoti kwenye kompyuta, kisha inaihamishia kwenye flashi kwa kubadilisha jina la njia yake. Kerneli haiwezi kuhamisha faili kati ya diski mbili kwa kubadilisha jina tu, kwa hiyo inarudisha namba 18, ambayo sentensi yake ya Kiingereza huzungumzia kiungo kisichofaa kati ya vifaa. Neno flashi halimo, neno ripoti halimo. Ujumbe ukitaja njia zote mbili, ilikotoka na ilikokuwa ikienda, mtu mzoefu huona papo hapo kwamba moja iko chini ya /home, kwenye diski ya kompyuta, na nyingine chini ya /media, kwenye flashi.

Kuongeza jina bila kuvunja

Tuseme tumekubaliana kwamba jina liwepo. Bado kuna namna mbaya ya kuliweka.

Programu nyingi hutazama kosa ili ziamue la kufanya. Kama faili la mipangilio halipo, liumbwe. Kama ruhusa hakuna, mtu aambiwe. Zile zinazoamua kwa kutafuta maneno ndani ya sentensi zitavunjika siku sentensi itakapoongezewa jina. Ndiyo sababu aina ya kosa lazima ikae kando ya maneno yake. Go, tangu toleo la 1.13 la mwaka 2019, ina namna rasmi ya kuuliza kosa, hata likiwa limefungwa ndani ya makosa mengine: je, chanzo chako ni faili kutokuwepo? Python hufanya hivyo kwa aina zake. Rust ina ErrorKind, orodha yake ya aina za makosa.

Ila katika Rust kuna shimo ambalo lazima ulijue. Ukitengeneza kosa jipya lenye ujumbe wako na kuliwekea aina ile ile, aina inabaki, lakini namba ya mfumo inapotea. Ukiiuliza raw_os_error, funksheni ya kutoa namba hiyo, itakujibu kwamba haina. Msimbo uliokuwa ukitofautisha sababu kwa namba utanyamaza bila kulalamika. Hili ndilo linalofanya suala lionekane rahisi kwa mtazamaji na gumu kwa watunza lugha: jina lote liongezwe, aina ibaki, namba ibaki, ukubwa usikue, na msimbo wa zamani usiguswe.

Suala la usiri nalo halikwepeki. Njia ya faili husema mengi. Huonyesha jina la mtumiaji wa kompyuta na mpangilio wa seva, na kama mafaili yamepewa majina ya wanachama, husema nani ana mkopo. Kwenye tovuti, ujumbe wa namna hiyo usimfikie mgeni kamwe. Uende kwenye kumbukumbu za matukio ya seva (log), na mgeni apewe namba ya tukio. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina la mkopaji ni taarifa binafsi hata likiwa ndani ya jina la PDF. Lakini hofu hii isitumike kuficha jina kwa kila mtu. Programu inayoendeshwa na karani kwenye kompyuta ya ofisi yake, kwa mafaili ya ofisi yake, haina cha kumficha.

Kazi ya lugha na kazi yako

Hata lugha ikitimiza wajibu wake wote, kuna kitu ambacho haiwezi kukijua: faili lilikuwa la nini. Programu makini haziandiki juu ya faili la zamani moja kwa moja, kwa sababu umeme ukikatika katikati, orodha nzima inaharibika. Huandika faili la muda, kisha hulibadilisha jina. Kwa hiyo kosa la kuandika orodha ya wanachama litataja wanachama.csv.tmp, jina ambalo karani hajawahi kulisikia. Lugha imesema kweli, na bado haitoshi.

Hapo ndipo mwandishi wa programu anapoongeza sentensi yake juu ya ile ya lugha, bila kuifuta ya chini. Lugha nyingi zina zana za hilo: Go hufunga kosa ndani ya kosa kwa alama %w, Python tangu toleo la 3.11 huruhusu kulibandikia kosa maelezo kwa add_note, na Rust ina maktaba ya anyhow yenye neno context. Sentensi ya juu iwe ya Kiswahili kama wanaoitumia programu ni Waswahili, itaje kazi iliyoshindikana kwa maneno ya ofisi hiyo, na iseme hatua ya kuchukua kama unaijua. Ya chini ibaki kama ilivyotoka kwenye mfumo, namba na maneno yake, kwa sababu ndiyo fundi atakayoitafuta mtandaoni.

Kwenye programu ya chama kile, ujumbe sasa unatoka hivi:

    Malipo hayajaanza: jedwali la bei ya msimu halikupatikana.
    Faili: '/srv/chama/malipo/bei.csv'
    Folda '/srv/chama' ipo. Ndani yake hakuna 'malipo'.
    Mfumo: open, No such file or directory, 2

Kuukagua ujumbe kama huu ni kazi fupi. Hamisha faili moja, endesha programu, kisha msomee kwa simu mwenzako ambaye hajawahi kuuona msimbo. Akiweza kukuambia afungue folda ipi na atafute nini, nenda kwenye faili linalofuata. Fanya hivyo kwa faili lisilokuwepo, kwa folda isiyo na ruhusa, na kwa flashi iliyojaa. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo itakayokuonyesha kama jina linabaki hata baada ya faili kufunguliwa.